Chuo Kabla ya Sheria: Maisha ya Thurgood Marshall (1908–1993)

Nchini Kenya, kijana anayetaka kuwa wakili huingia katika kitivo cha sheria mara tu anapotoka shule ya upili. Akihitimu shahada ya kwanza ya sheria, hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya uwakili, kisha akaapishwa. Nchini Marekani utaratibu ni mwingine. Huko sheria haisomwi katika shahada ya kwanza. Anayekusudia kuwa wakili hana budi kusoma kwanza miaka minne katika chuo cha kawaida, achukue fasihi, historia, falsafa, hisabati au somo lolote jingine, ndipo aombe nafasi katika chuo cha sheria na kusoma miaka mitatu zaidi. Vyuo vya sheria havimlazimishi mwombaji kuwa amesoma somo fulani. Kwa sababu hiyo, swali la chuo kipi kimfaacho kijana kabla ya kuingia katika sheria limewashughulisha wazazi na wanafunzi wa nchi hiyo kwa vizazi vingi. Wapo washikiliao kwamba afadhali chuo chenye jina kubwa, na wapo waonao kwamba chuo kidogo kilicho karibu na nyumbani kinatosha, almradi mwanafunzi awe na bidii.

Maisha ya Thurgood Marshall yanatoa mwanga kuhusu swali hili. Wengi wanamjua Marshall kama mtu Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Baadhi ya Wakenya wanamkumbuka kama mshauri wa viongozi Waafrika katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, jijini London, mwaka 1960. Wasiojulikana sana ni Marshall kijana, aliyesoma fasihi na falsafa katika chuo kidogo cha mashambani, akasimamishwa masomo kwa utundu, na ambaye hakuwa na hakika kwamba angekuwa mwanasheria.

Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland. Jina alilopewa lilikuwa Thoroughgood, nalo akalifupisha angali mtoto kwa kuwa alichoka kuliandika. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake, William, alikuwa mhudumu katika mabehewa ya kulia chakula ya garimoshi, na baadaye msimamizi wa wahudumu katika klabu ya matajiri Wazungu. Baba huyu hakupata elimu ya juu, lakini alikuwa na mazoea yaliyomfaa mwanawe kuliko karo yoyote. Siku za mapumziko alikwenda mahakamani kusikiliza kesi za watu asiowajua, na mara nyingine aliwachukua watoto wake. Jioni, mezani, kila dai lililotolewa na mtoto lilidaiwa ushahidi. Mtoto akisema kwamba mvua itanyesha, aliulizwa amejuaje. Samaki mkunje angali mbichi, na Marshall alikunjwa mapema katika ufundi wa hoja.

Shuleni hakuwa mpole. Mkuu wa shule alikuwa na adhabu yake maalum kwa watundu: aliwapeleka katika chumba cha chini ya jengo wakiwa na nakala ya Katiba ya Marekani, na hawakutoka hadi wawe wamehifadhi sehemu yake. Kwa kuwa Marshall aliadhibiwa mara kwa mara, alipomaliza shule mwaka 1925 alikuwa amehifadhi sehemu kubwa ya Katiba. Alijua maneno yake yanayoahidi usawa mbele ya sheria, na kila siku aliona kwamba mji wa Baltimore haukuyafuata. Shule zilitengwa kwa rangi, na hata vyoo vya katikati ya mji havikuwa na nafasi kwa mtu Mweusi.

Ulipofika wakati wa kuchagua chuo, uwanja wa kuchagua ulikuwa mwembamba. Chuo kikuu cha jimbo lake, ambacho wazazi wake walikilipia kodi, hakikuwapokea Weusi. Vyuo vingi vikubwa vya Wazungu vilipokea mwanafunzi Mweusi mmoja au wawili, au hakuna kabisa. Familia nayo haikuwa na fedha za kupoteza. Kakaye, Aubrey, alikuwa tayari katika Chuo cha Lincoln, jimbo la Pennsylvania, akijiandaa kwa udaktari. Marshall alimfuata huko. Uamuzi huo ulitokana na karo, umbali kutoka nyumbani, jamaa aliyetangulia, na zaidi ya yote milango iliyokuwa wazi. Mama alitumaini kwamba mwanawe huyu wa pili angekuwa daktari wa meno, kazi ambayo mtu Mweusi angeweza kuifanya bila kutegemea hisani ya Mzungu.

Lincoln hakikuwa chuo duni. Kiliasisiwa mwaka 1854 na mchungaji wa Kipresbiteri kwa jina la Taasisi ya Ashmun, wakati utumwa ungali halali kusini mwa mpaka wa jimbo hilo. Mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya Rais Abraham Lincoln kuuawa, kikabadilishwa jina kwa heshima yake. Kilikuwa chuo cha wanaume, kidogo, kilichozungukwa na mashamba, na wanafunzi wake wengi wangekuja kuwa madaktari, wachungaji, walimu na mawakili. Baadaye kingewapokea pia vijana kutoka Afrika, miongoni mwao Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Hata hivyo palikuwa na kinaya kimoja kilichoonekana na kila mgeni: wanafunzi walikuwa Weusi ilhali wahadhiri walikuwa Wazungu.

Miaka ya mwanzo ya Marshall chuoni haikuashiria makuu. Alipenda karata, mizaha na maskani ya vijana. Alishiriki katika visa vya kuwaonea wanafunzi wageni, na chuo kikamsimamisha masomo. Kilichomzuia asipotee kabisa ni mdahalo. Chama cha midahalo cha Lincoln kilikuwa na sifa, na timu yake ilishindana na timu za vyuo vingine, vikiwemo vya Wazungu. Marshall aliingia katika timu hiyo mapema na akawa mmoja wa wasemaji wake hodari. Mazoea ya mezani Baltimore yalipata jukwaa. Alijifunza kusoma hoja ya mpinzani hadi aielewe kuliko mwenyewe, kupanga maneno kwa mantiki, na kumtazama msikilizaji usoni ili ajue ni wakati gani wa kunyamaza. Hapakuwa na somo la sheria Lincoln lililomfunza hayo.

Jambo la pili lililomkuta Lincoln lilimgusa dhamiri. Miongoni mwa wanafunzi wa wakati wake alikuwa Langston Hughes, mshairi aliyekuwa amekwisha kuchapisha diwani kabla ya kujiunga na chuo mwaka 1926. Hughes aliwazidi wenzake kwa umri na kwa kuijua dunia. Mwaka 1929 alifanya utafiti juu ya chuo chenyewe, akawauliza wanafunzi wa madarasa ya juu kama walitaka wahadhiri Weusi waajiriwe. Karibu thuluthi mbili walijibu kwamba hawataki. Marshall alikuwa pamoja na wengi hao. Vijana waliokuwa wakilalamikia ubaguzi wa nje walikuwa wameukubali ndani ya ukumbi wao wa mihadhara, wakaamini kwamba elimu kutoka kwa Mzungu ndiyo elimu.

Utafiti wa Hughes uliwaudhi wengi, wakiwemo waliohitimu zamani, lakini uliwalazimisha wanafunzi kujitazama. Marshall alibishana, akasikiliza, kisha akabadili msimamo. Suala hilo lilipopigiwa kura tena baadaye, alikuwa upande wa waliotaka mabadiliko. Ni vyema kulipima tukio hili kwa uzito wake. Mtu ambaye baadaye angewashawishi majaji tisa Wazungu waache imani waliyoizoea alikuwa amewahi kuwa na imani ya aina hiyo yeye mwenyewe, na alijua kwa uzoefu jinsi mtu anavyotoka ndani yake. Kwa hili pia alidaiwa na chuo chake cha kwanza, na hasa na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa mshairi.

Karibu na chuo palikuwa na mji mdogo wa Oxford, na katika mji huo ukumbi wa sinema. Weusi walitakiwa kuketi roshani. Siku moja Marshall na wenzake walinunua tiketi, wakaketi chini pamoja na Wazungu, na walipoamriwa kupanda juu wakakataa. Hawakuwa na wakili, wala hawakuwa na mpango. Walijua tu kwamba wamelipa sawa na wengine. Mwaka huohuo wa 1929 Marshall alimwoa Vivien Burey, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye marafiki walimwita Buster. Ndoa ilimtuliza. Akarudi katika vitabu, na mwaka 1930 akahitimu kwa heshima, akiwa amesoma fasihi ya Kimarekani na falsafa. Habari ya udaktari wa meno ilikuwa imekwisha. Alitaka sheria.

Chuo cha sheria kilichokuwa karibu naye kuliko vyote kilikuwa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Maryland, palepale Baltimore. Kilikuwa na karo nafuu na angeweza kukiendea kwa miguu au kwa tramu. Tena, kitivo hicho hakikuwa kimefungwa kwa Weusi tangu awali. Mwaka 1889 kiliwahitimisha wanafunzi wawili Weusi, Harry Cummings na Charles Johnson. Baada yao wanafunzi Wazungu walilalamika, wakuu wakasalimu amri, na mlango ukafungwa. Kufikia mwaka 1930 ulikuwa umefungwa kwa takriban miaka 40. Shahada ya Lincoln, heshima zake na midahalo yake havikuwa na uzito wowote mbele ya mlango huo. Marshall alijua jibu ambalo angepewa, na uchungu wake haukumtoka maisha yake yote.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Marshall alijiunga na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo kilichoasisiwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Fedha hazikutosha. Mama yake aliziweka rehani pete zake za ndoa na za uchumba ili alipe karo. Kwa kuwa hapakuwa na pesa za kupanga nyumba Washington, Marshall aliendelea kukaa kwa wazazi Baltimore pamoja na mkewe. Kila alfajiri alipanda garimoshi kwenda chuoni, na kila jioni alirudi kufanya kazi ya kibarua na kusoma hadi usiku wa manane.

Huko Howard alimkuta Charles Hamilton Houston, mtu aliyeongoza kitivo na ambaye historia yake ni jibu jingine kwa swali la chuo kabla ya sheria. Houston, mzaliwa wa Washington, alikuwa mtoto wa wakili. Wazazi wake walimpeleka Amherst, chuo kidogo chenye jina kubwa katika jimbo la Massachusetts, naye alipohitimu mwaka 1915 alikuwa Mweusi pekee katika darasa lake na mmoja wa waliofanya vyema zaidi. Alifundisha Kiingereza Howard kwa muda, akaenda vitani Ulaya kama afisa wa jeshi, na dharau aliyoiona jeshini ikamfanya aamue kusoma sheria ili atetee wasioweza kujitetea. Akaingia Harvard, akawa Mweusi wa kwanza katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho.

Ukiwaweka wawili hawa pamoja, unaona njia mbili zisizofanana. Mmoja alipita katika chuo cha Wazungu matajiri, akiwa peke yake, akilazimika kuthibitisha uwezo wake kila siku. Mwingine alipita katika chuo cha Weusi wenzake, ambamo angeweza kucheza, kukosea, kubishana na kubadilika bila kubeba jina la rangi yake mabegani. Amherst kilimpa Houston nidhamu na ufunguo wa Harvard. Lincoln kilimpa Marshall ulimi, ucheshi na kuwajua watu wake. Njia zote mbili zilikutana katika darasa moja, na hakuna aliyefaulu bila mwenzake.

Houston alikuwa mwalimu mkali. Alifunga masomo ya jioni, akainua kiwango cha mitihani, na mwaka 1931 kitivo kikatambuliwa na Chama cha Mawakili wa Marekani. Aliwafundisha wanafunzi kwamba wakili asiyeitumia sheria kurekebisha jamii hana tofauti na kupe anayeishi kwa damu ya jamii hiyo. Wengi waliacha njiani. Marshall, mcheza karata wa Lincoln, alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani.

Kesi kubwa ya mwanzo katika maisha yake ya uwakili ilihusu mlango uleule. Kijana mmoja wa Maryland, Donald Gaines Murray, aliomba nafasi katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Maryland, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Murray alikuwa amehitimu Amherst mwaka 1934. Ukweli huo ulikuwa na maana kubwa mahakamani. Chuo hakikuweza kudai kwamba mwombaji huyu hakuandaliwa vyema, kwa kuwa shahada yake ya kwanza ilitoka katika mojawapo ya vyuo vilivyoheshimiwa nchini. Visingizio vyote vilipoondolewa, kilichobaki ni rangi ya ngozi.

Houston na Marshall hawakuomba mahakama ivunje kanuni ya watu kutengwa huku wakipewa huduma sawa, kanuni iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1896 katika kesi ya Plessy. Walidai jambo dogo zaidi lililokuwa gumu kukanushwa. Ikiwa Maryland inawatenga watu, basi lazima iwape usawa. Jimbo lilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria, na mwanafunzi aliyepelekwa kusoma jimbo jingine hangejifunza sheria za Maryland ambazo ndizo angezitumia. Mwezi Juni 1935 jaji aliamuru Murray apokewe, na Januari 1936 mahakama ya rufani ya jimbo ikaafiki. Murray alihitimu mwaka 1938. Mlango ambao Marshall aliukosa mwaka 1930 ulikuwa umefunguliwa na Marshall mwenyewe, ingawa haukuwa na faida tena kwake.

Mwaka 1936 alihamia New York kufanya kazi na Houston katika chama cha NAACP, kilichoasisiwa mwaka 1909 kutetea haki za Wamarekani Weusi. Mwaka 1940 akawa kiongozi wa idara maalum ya utetezi wa kisheria. Alisafiri katika majimbo ya kusini kwa garimoshi na magari ya kukodi, akilala katika nyumba za watu kwa kuwa hoteli hazikumpokea, na mara kadhaa aliponea chupuchupu mikononi mwa makundi ya wauaji. Katika maisha yake ya uwakili aliwasilisha hoja katika kesi 32 mbele ya Mahakama ya Juu, akashinda 29.

Miongoni mwa kesi hizo, ya Heman Sweatt ina uhusiano wa karibu na mada hii. Sweatt alikuwa mtumishi wa posta Mweusi, mhitimu wa Chuo cha Wiley, chuo kidogo cha Weusi huko Texas. Mwaka 1946 aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas. Wakuu walikubali kwamba alikuwa na sifa zote isipokuwa rangi. Badala ya kumpokea, jimbo liliharakisha kuanzisha chuo kingine cha sheria kwa ajili ya Weusi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, tarakimu zilijieleza. Chuo cha Wazungu kilikuwa na wahadhiri 16 wa kudumu, wanafunzi 850 na vitabu zaidi ya 65,000. Kile kipya kilikuwa na wahadhiri 5, wanafunzi 23 na vitabu 16,500.

Lakini Marshall hakutaka mahakama ihesabu vitabu tu, kwa kuwa vitabu vingeweza kuongezwa. Alitaka ione yasiyohesabika, na tarehe 5 Juni 1950 mahakama ikaona. Ilisema kwamba ubora wa chuo cha sheria uko pia katika sifa za walimu wake, heshima ya waliohitimu na nafasi yake katika jamii. Ilisema vilevile kwamba mtu hawezi kufunzwa uwakili akitengwa na watu ambao atakutana nao mahakamani kama mawakili, mashahidi na mahakimu. Yaani chuo ni watu unaobishana nao. Hoja hiyo inamrudisha msomaji Lincoln, kwenye jukwaa la mdahalo na kwenye ubishi na Hughes. Houston hakuishi kuisikia hukumu hiyo. Alifariki mwezi Aprili mwaka huohuo. Naye Sweatt, aliyeingia chuoni akiwa amechoka kwa miaka minne ya kesi, matusi na vitisho, hakumaliza masomo hayo. Ushindi wa mahakamani haukumlipa alichokipoteza, ila uliwafungulia waliomfuata.

Kutoka hapo njia ilikuwa imelainishwa. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote tisa waliamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha Kenya. Tom Mboya, aliyekuwa na marafiki wengi Marekani na ambaye mwaka 1959 alianza kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda kusoma katika vyuo vya huko, alimwalika Marshall awe mshauri wa wajumbe Waafrika. Wakati huo mawakili Waafrika nchini Kenya walikuwa wachache mno. Wa kwanza wao, Argwings-Kodhek, alikuwa ameanza kazi miaka michache tu iliyotangulia. Januari 1960 Marshall alifika Nairobi. Wakuu wa kikoloni walimzuia kuhutubia mkutano nje ya mji. Alisimulia baadaye kwamba aliomba ruhusa ya kuwasalimu watu kwa neno moja tu, na neno alilolichagua lilikuwa la Kiswahili: uhuru. Umati ukalipuka kwa shangwe.

Jijini London aliandaa rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya ijayo. Mtetezi wa Weusi waliokuwa wachache nchini kwao sasa alikuwa akifikiria nchi ambayo Weusi ndio wengi na wenye mamlaka. Hakubadili kanuni. Aliandika kinga kwa ajili ya wachache, wakiwemo Wahindi na walowezi Wazungu, na akataka anayenyang'anywa mali na serikali alipwe fidia ya haki. Si wote waliofurahia, hasa kuhusu ardhi, ambayo kwa Waafrika wengi ilikuwa imenyang'anywa kabla ya fidia yoyote kutajwa. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 haikuwa nakala ya rasimu yake, lakini ilikuwa na sura ya haki. Marshall alirudi Kenya mwaka 1963, na hali ya Wahindi ikamtia wasiwasi. Kwake, haki isiyomlinda mchache haikuwa haki, hata kama mchache huyo jana alikuwa amependelewa.

Mwaka 1961 aliteuliwa jaji wa mahakama ya rufani, mwaka 1965 mwanasheria wa kuiwakilisha serikali mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1967 jaji wa Mahakama hiyo, baada ya Seneti kumwidhinisha kwa kura 69 dhidi ya 11. Alistaafu mwaka 1991, akafariki tarehe 24 Januari 1993 akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka 1980 maktaba ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Maryland, kitivo kisichomtaka, ilipewa jina lake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye mara nyingi huulizwa fasihi itamfikisha wapi, maisha haya yana neno. Marshall hakufika kwenye sheria kwa kuikimbilia mapema. Alifika kupitia meza ya baba, jukwaa la mdahalo, vitabu vya fasihi na rafiki aliyemwambia ukweli usiopendeza. Chuo chake cha kwanza hakikumfundisha kifungu kimoja cha sheria. Hata hivyo isisahaulike kwamba hakukichagua akiwa huru. Alifanya makubwa na kilichokuwapo, kisha akatumia miaka iliyobaki kuhakikisha kwamba kijana atakayemfuata, awe ametoka Lincoln, Wiley au Amherst, atachagua mlango kwa akili yake, si kwa rangi ya uso wake.